Bwana Afya Aliyetufundisha Kuogopa

Siku ya kwanza alipoingia darasani kwetu hakutusalimia. Alisimama mlangoni, akavua kofia yake ya kaki, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Kucha." Tulidhani hatukusikia vizuri. Wengi wetu tulikuwa watu wazima, baadhi na ndevu zao, na chuo chenyewe ndiyo kwanza kilikuwa kinajizoeza kuitwa chuo kikuu. "Kucha," alirudia, "juu ya meza." Tukaweka mikono juu ya meza kama watoto wa darasa la pili. Akapita kati ya viti akikagua, na kila akimaliza mstari anaguna. Zangu zilikuwa na rangi nyekundu, ya bei, na nilikuwa najivunia. Aliziinamia kwa muda. "Nzuri," akasema. "Lakini chini yake sioni kitu." Ndivyo tulivyojuana.

Jina alikuwa nalo, na kwenye ratiba liliandikwa, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Mkuu wa chuo alimwita Bwana Afya. Wapishi walimwita Bwana Afya. Hata mke wake, nilimsikia kwa masikio yangu siku niliyotumwa kwake, alitoka jikoni akasema, "Bwana Afya, chakula tayari." Kabla ya kuja kwetu alikuwa bwana afya wa serikali, wale wa kukagua vyoo, mabucha na migahawa, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watu kazini naye akajikuta nje na baiskeli yake na kofia yake. Chuo kilimchukua akague jiko na mabweni. Na kwa kuwa walimu walikuwa wachache, wakamtwika pia somo la elimu ya afya, lililokuwa la lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sisi tuliokuja kusoma uhasibu na utawala tuliliona somo hilo ni adhabu.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Kwao ni Misungwi, na Kiswahili chake kilikuwa safi cha shule isipokuwa kwamba Kisukuma hakikumwachia herufi ya r hata siku moja, kwa hiyo vyoo vyetu mwaka mzima vilikuwa "havilidhishi". Tulimwigiza bwenini mpaka tukaanza kusema hivyo bila kukusudia. Akiwa kwenye ukaguzi alitembea haraka, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mahali fulani humo ndani kuna nzi mmoja tu na lazima apatikane. "Mimi sigombani na mtu," alikuwa akisema. "Nagombana na nzi." Ila waliokuwa wanapigiwa kelele walikuwa watu.

Nje ya geti kulikuwa na mama mmoja wa Musoma aliyetuuzia chapati na maharage. Asubuhi moja Bwana Afya alimfungia banda kwa sababu ya ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo kusema kweli ilikuwa na rangi ya chai. Alimfokea mbele ya wateja, akapiga kufuli, akaondoka. Yule mama akalia. Jioni ile ile tulimwona Bwana Afya anarudi na nguzo begani, misumari mfukoni na nyundo aliyoazima kwa fundi wa chuo. Akamjengea kichanja cha kuanikia vyombo, muda wote akifoka kwamba watu hawajifunzi, kisha akafungua banda, akala chapati nne na kulipa. Alipenda kuogopwa na hakupenda kuchukiwa, na kuyapata yote mawili kulimpa kazi ngumu.

Kitu kingine ni maji. Mtu huyu aliyetuhimiza kunawa kuanzia asubuhi hadi jioni alikuwa analiogopa ziwa. Alizaliwa kwenye ng'ombe, na kwa maoni yake maji mengi kiasi kile yalikuwa ni uzembe. Tulipokwenda Sengerema kwa mafunzo, kwenye pantoni pale Kigongo alisimama katikati kabisa, mbali na kingo zote, ameishika baiskeli yake kwa mikono miwili kana kwamba ikizama pantoni atapanda na kuondoka. Tulimcheka. Akatuambia kwamba wafu wote wa majini aliowahi kuwashughulikia walikuwa wanajua kuogelea. Hatukucheka tena mpaka tuliposhuka ng'ambo, Busisi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mji wetu wa Mwanza ulikuwa umefunguka. Mitumba ilijaa mpaka njiani, viwanda vya minofu ya samaki vilichipuka kando ya ziwa, malori yakapanga foleni, na nyumba za wageni zikafunguliwa kila mtaa, zimepakwa rangi mbichi. Hela ya sangara ilinuka sangara na hakuna aliyeikataa. Vijana waliotoka visiwani walishuka na mifuko imetuna, wakanywa, wakapenda, wakarudi visiwani. Na katikati ya shamrashamra hizo ukaja ugonjwa ambao wazazi wetu hawakuwa na jina lake. Tulipokuwa watoto tulisikia habari zake kutoka Kagera, mbali, kama habari za vita vya watu wengine. Tulipofika chuoni ulikuwa umeshafika kwenye koo zetu, na kila Jumamosi kulikuwa na mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kuzika.

Hatukuuita ukimwi tukiwa wenyewe. Tulisema fulani amekanyaga miwaya. Tulisema mdudu. Wenzetu wa kiume walizichukua herufi za jina lake la Kizungu, AIDS, wakatengeneza utani, Acha Iniue Dogodogo Siachi, wakaupigia kelele kutoka madirishani mwa bweni tulipokuwa tunapita. Ni utani wa watu wanaoogopa. Wakati ule niliuona ni ujinga tu.

Bwana Afya aliushughulikia kwa njia aliyoijua. Alichora fuvu ubaoni, kubwa, na mifupa miwili imepishana chini yake, akageuka na kusema, "Huyu ndiye." Fuvu lile halikufutwa muhula mzima, walimu wengine walilazimika kuandika pembeni yake. Kisha akatukaririsha. Unaambukizwa kwa ngono, kwa damu, kwa vitu vyenye ncha kali, kwa mama kwenda kwa mtoto. Hauambukizwi kwa kushikana mikono. Hauambukizwi kwa kula pamoja. Hauambukizwi kwa mbu, wala choo, wala kikombe. Aliuliza kwa sauti yake ile na sisi tukajibu kwa pamoja mpaka wapishi wakawa wanaimba nasi kule jikoni. Alipotupa jaribio karibu darasa zima tulipata maksi zote. Alifurahi mno. Alituletea sambusa, akatuagiza tunawe kwanza, akatutazama tunavyokula kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Halafu akarudi Magesa.

Magesa alikuwa mwenzetu kutoka pwani ya ziwa upande wa Mara, mtoto wa wavuvi waimba kwaya, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha bweni. Nilisoma naye sekondari. Aliyemlipia chuo ni kaka yake, aliyekuwa na duka la nyavu. Tulipofunga katikati ya mwaka alikwenda nyumbani akakuta kaka yake amelala na hainuki, akamuuguza likizo nzima, akamzika, akarudi. Alirudi nusu yake. Suruali alikuwa ameifunga kwa mkanda wa begi, na alikuwa anakohoa. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Kila mtu alikuwa ameshajijibu.

Bwalo letu lilikuwa na sahani za bati zilizorundikwa mahali pamoja. Unachukua iliyo juu, unapanga foleni, unakaa popote. Wiki ile watu wakaanza kuja na sahani zao kutoka mjini, na vikombe vyenye majina. Meza aliyokaa Magesa ikawa na nafasi kila siku. Mimi nilikaa naye, na sio kwamba nilikuwa shujaa. Mtu aliyekula maharage yangu miaka minne sekondari huwezi ghafla kumwona mgeni. Lakini nilikuwa naona namna watu walivyotutazama, na niliumia.

Aliyechukua hatua ni Lubango, waziri wa chakula wa serikali ya wanafunzi, mwenzetu aliyekuwa mwalimu kabla ya kuja kusoma. Lubango hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke na watoto Igoma, akienda kwao kila mwisho wa wiki, na alikuwa na hofu. Alimwendea Bwana Afya na kumwambia wanafunzi hawana amani na vyombo. Bwana Afya alisikiliza, akaguna. Kesho yake akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa kutoka kwake. Alichukua sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, akavitia alama ya rangi nyekundu, akawakabidhi wapishi na kuwaagiza kwamba hivyo ni vya Magesa na vichemshwe peke yake.

Nilimfuata mpaka stoo. "Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba."

"Si ulitufundisha kwamba hauambukizwi kwa kula pamoja?"

"Nilifundisha."

"Sasa hiyo rangi ya nini?"

"Tahadhari, binti. Wakati wa kipindupindu tulifanya hivi hivi, na watu wakapona." Akaondoka upesi, mikono nyuma.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Alikuwa amepigana na kipindupindu miaka na miaka, kwa chokaa, kwa maji ya moto, kwa kutenga vyombo. Kichwa chake kilikuwa kimeshajifunza ugonjwa mpya, ila mikono ilikuwa bado kwenye ule wa zamani. Na ile rangi ilifanya kazi ambayo maneno yote ya darasani hayakuweza kuifuta. Hata waliokuwa na mashaka sasa waliamini. Bwana Afya mwenyewe ametia alama, nani abishe? Magesa aliipokea sahani ile mara moja, akaitazama, akairudisha dirishani bila kula.

Siku chache baadaye Mkuu wa chuo alimwita akamwambia aende nyumbani mpaka apate cheti cha hospitali kuonyesha kwamba ni mzima. Mitihani ilikuwa imekaribia. Asingeifanya, angerudia mwaka, na wa kumlipia mwaka mwingine alikuwa kaburini. Magesa alinieleza haya tukiwa tumekaa kwenye mawe nyuma ya bweni, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nikiondoka lango lile," alisema, "siwezi kurudi. Nitakuwa nauza dagaa." Aliomba aachwe mpaka Jumatatu, akakubaliwa.

Jumamosi ile tulikwenda msibani. Mwenzetu Kulwa alifiwa na baba yake huko Misungwi, na chuo kilitoa lori. Bwana Afya ndiye aliyetuongoza kwa sababu ni kwao. Magesa naye alipanda, akakaa nyuma kabisa. Watu walitazamana, lakini hakuna aliyekuwa na roho ya kumshusha mtu anayekwenda kuzika.

Tulizika, na kesho yake ikawa ni kunyoa. Kwa Wasukuma, kama ilivyo kwa wengi wa kanda yetu, wafiwa hunyolewa nywele, na msiba hauhesabiwi kuwa umekwisha kabla ya hapo. Mzee wa ukoo alikaa kwenye kigoda karibu na zizi, ana kopo la maji, kipande cha sabuni na wembe mmoja. Wakaanza watoto wa marehemu, wakafuata wajomba. Rafiki wa mfiwa halazimiki, lakini Lubango alisimama akasema, "Na sisi tunyoe. Kulwa asibaki na upara peke yake." Maneno mazuri, na aliyasema kwa moyo. Wenzetu wa kiume wakapanga foleni. Nilikuwa upande wa wanawake, naosha sufuria, nikawaona wanainama mmoja baada ya mwingine. Mzee macho yake hayakuwa ya ujana. Alikata huyu kidogo sikioni, akafuta wembe kwenye kitambaa, akasema, "Mwingine." Akakata yule kisogoni, akafuta, "Mwingine." Hawa ndio waliokuwa wamenunua sahani mpya mjini. Hakuna aliyeshtuka, na kusema kweli hata mimi ilinichukua muda, kwa sababu kunyoa msibani ni kunyoa msibani. Ukiwa pale huoni wembe, unamwona mwenzako aliyefiwa.

"Badilisheni wembe," alisema mtu.

Alikuwa Magesa. Alikuwa amesimama mbali kidogo na foleni, mikono mfukoni.

"Kaa chini wewe," mmoja alimnong'oneza kwa ukali. "Upo msibani."

"Najua nilipo. Badilisheni wembe."

Bwana Afya alikuwa amekaa na wazee, anakunywa uji. Nilimwona anageuka, anatazama foleni, anatazama wembe, kisha anamtazama Magesa. Kibakuli cha uji kilibaki hewani. Alinyanyuka, akaenda hadi kwenye kigoda, akachuchumaa mbele ya mnyoaji, akaweka kiganja juu ya mkono wenye wembe.

"Baba, naomba usimame kidogo."

"Unanizuia nisimalize msiba wa ndugu yangu?"

"Sikuzuii. Nakuomba unisubiri nifike dukani."

"Wembe huu bado mkali."

"Ndiyo maana nauogopa, baba."

Kumkatiza mnyoaji ni jambo kubwa, na Bwana Afya alikuwa mtoto wa pale pale. Angesimangwa kwa hilo maisha yake yote. Aliazima baiskeli, akaenda senta, akarudi anahema na pakiti ya nyembe. Akakigawia kila kichwa kilichobaki wembe wake, akawataka walionyolewa waoshe majeraha yao kwa sabuni. Mzee mnyoaji alimtazama akimaliza zoezi hilo, akatikisa kichwa. "Haya," akasema, "msiba wetu, faida ya mwenye duka." Watu wakacheka, hata Kulwa akacheka na machozi yake, na kunyoa kukaendelea.

Kwenye lori, wakati wa kurudi, Bwana Afya hakukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma na sisi, akashikilia ubao. Mbele yake vichwa vyote vilikuwa vyeupe vinang'aa juani.

"Mlipata maksi zote," alisema. Hakupaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza. "Sahani mmeiogopa. Wembe mmeuchangia."

Lubango alikuwa anajishika sikio palipokatwa.

"Na mimi nimesoma kuwashinda, na ile rangi nimeipaka mimi. Fuvu nimelichora mimi. Niliwafundisha kuogopa, mkaogopa, ila sikuwafundisha muogope nini." Akamgeukia Magesa. "Mwanangu, nimekukosea. Nakuomba radhi mbele ya hawa."

Magesa aliinamisha kichwa. Alikuwa mtoto wa adabu, na mtu mzima kumwomba radhi hadharani kulimtia aibu. "Radhi nimekupa, Bwana Afya," akasema. "Ila mimi nataka mtihani."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Magesa kwa sentensi ile.

Jumatatu asubuhi nilikuwa chumba cha katibu muhtasi, nimeleta mahudhurio ya darasa, Bwana Afya alipopita akaingia kwa Mkuu bila kubisha. Mlango haukufungwa vizuri. Mimi na katibu muhtasi tulianza kupanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Nimekuja kwa ajili ya cheti cha Magesa," alisema. "Ni wazo zuri. Kama cheti ni sharti, liwe la wote. Tuanze na mimi, halafu wewe Mkuu, halafu walimu, halafu wanafunzi wote. Lori bado lipo."

Nikasikia kiti kinalia. Mkuu alikohoa, akaanza sentensi, akaiacha.

"Leo?" hatimaye aliuliza.

"Leo ni siku nzuri."

Kisha Mkuu akasema, "Wacha kijana afanye mtihani wake." Katibu muhtasi alinifinya paja kwa furaha mpaka nikakaribia kupiga kelele.

Mambo hayakubadilika mchana ule, na sitaki kudanganya. Bwana Afya aliikwangua ile rangi kwa kisu mbele ya wapishi, akairudisha sahani kwenye rundo, lakini meza yetu ilibaki na nafasi. Zilipita siku. Ndipo jioni moja Lubango, na upara wake unaoanza kuota, akaja na ugali wake akavuta benchi, akakaa mkabala na Magesa. Hakusema samahani, hakusema lolote la maana. Alikula matonge mawili matatu, akasema, "Nipe chumvi." Magesa akampa chumvi. Lubango alikuwa anatokwa jasho, nililiona, lakini aliichukua kutoka mkononi kwa Magesa na akaendelea kula mpaka akamaliza. Nadhani hicho ndicho kitendo cha kishujaa kilichonikaa zaidi katika chuo kile. Baada yake wakaja wengine.

Magesa alifanya mtihani, akafaulu. Kikohozi kilimwisha taratibu, mwili ukarudi, na mwaka wa pili kanisa la kwao lilimchangia ada. Alikuwa nao au hakuwa nao? Watu huniuliza hivyo hadi leo ninapoisimulia habari hii. Sijui. Bwana Afya hakumuuliza, na mimi sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba sasa ana shahada yake, ana kazi yake Bunda, na kile kicheko chake hakijapungua hata kidogo.

Kuanzia hapo somo la Bwana Afya likawa jingine. Fuvu alilifuta. Maswali ya kujibu kwa pamoja akayapiga marufuku. Alisema tunaimba vizuri mno. Badala yake alitupanga wawili wawili akatupeleka Kigongo, pale magari yanapopanga foleni ya pantoni, tukae na wachuuzi, madereva na utingo, tujibu maswali yao. Yeye alikaa mbali na maji, anatusikiliza. Sharti lilikuwa moja: usilolijua, sema hulijui. Nami nilidhani naujua ugonjwa ule mpaka mama mmoja muuza ndizi aliponiuliza, "Mwanangu, hayo ya waya nimeyaelewa. Sasa mume wangu akirudi toka visiwani, nianzeje kumwambia bila kupigwa?" Nikasema sijui. Aliyekuwa pembeni yake, muuza mayai, akasema yeye alivyoanza. Wakaongea wao kwa muda mrefu, na mimi nikanyamaza, nikajifunza. Tulirudi pale mara nyingi. Muhula uliofuata wale kina mama walikuwa wakituona tunashuka tu, wanasogeza ndoo ili tupate pa kukaa.

Miaka ikapita. Nilimaliza, nikapata kazi mjini hapo hapo Mwanza. Mwishoni mwa muongo ule, asubuhi moja, nilikwenda hospitali kumwona rafiki yangu aliyejifungua. Nikakatiza ukumbi wa upande wa maabara. Huko kuna benchi la wanaosubiri kupima ukimwi, ambalo watu wote wanalijua na hakuna anayelitazama. Ukipita unageuza shingo, na waliokaa nao wanatazama miguu yao. Nilikuwa nimeshageuza shingo yangu nilipoiona kofia ya kaki juu ya goti.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba," alisema, kisha akaninong'oneza, "Pita zako, binti. Watu watakuona."

Nikakaa. Alikuwa amezeeka, mabega yameshuka. Alinieleza kwamba mkewe alifariki miaka miwili nyuma, kwa presha, na kwamba sasa amepata mchumba, mjane anayeuza vitenge Igoma, mwanamke asiye na masihara. Mama huyo alikubali kwa sharti moja, wapime kwanza. Yeye ameshapima, na majibu amemwonyesha mezani. "Nikamwambia, mimi ndiye niliyefundisha watu habari hii. Akaniambia, vizuri, basi unajua pa kwenda."

"Na ulishawahi kupima kabla?"

Alitazama mlango wa maabara. "Sijawahi."

"Hata siku ile ya Mkuu? Uliposema tuanze na wewe?"

"Angekubali," alisema, "ningerukia ziwani."

Tulicheka mpaka watu kwenye benchi wakainua macho. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, nikaona mikono yake inavyoshikana. Aliniambia kwamba miaka ya kazi alijichoma sindano mara mbili tatu akisaidia zahanati ambazo hazikuwa na mtu. Akaniambia kwamba pia alikuwa mwanaume, na safari za kazi zilikuwa ndefu, na hapo hakuendelea nami sikumsukuma. "Wakati ule wa sahani," akasema, "nilikuwa namwogopa Magesa kwa sababu nilikuwa najiogopa mimi." Nilimshika mkono, jambo ambalo mwanafunzi hamfanyii mwalimu wake, na aliuacha ushikwe.

Muuguzi aliita namba yake. Alisimama, akavaa kofia, akaivua tena, akaingia. Alikaa humo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Watu walipita ukumbini wamegeuza shingo, na mmoja alikuwa jirani yangu wa ofisini. Alinitambua, akaharakisha. Nilibaki nimekaa.

Alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Uso wake haukusema kitu. Alikuwa mkaguzi miaka mingi na alijua kuficha. Alisimama mbele yangu, akasubiri. Mimi nikasimama, nikachukua mkoba wangu.

"Huniulizi?" alisema.

"Nakuuliza. Umekula?"

Alinitazama, na macho yake yakajaa machozi mbele ya benchi zima.

"Tangu jana asubuhi sijala," akasema.

Tukaenda kula.